MGB Inapogoma: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia Kutafuta

Gari la zamani la Kiingereza hulalamika kwanza kabla ya kulala barabarani, na malalamiko yake karibu yote yanafuatilika kwa vifaa vya mfukoni: taa ya kupimia umeme, fila geji (vibati vya kupimia uwazi mwembamba), spana za inchi na kipande cha waya. Kinachowaponza wenye magari haya ni haraka ya kununua. Injini ikianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, mtu anabadilisha vifaa vyote vya cheche kwa mpigo: plagi, pointi, kondensa, rota na nyaya. Gari linaendelea kumisi, na sasa hakuna ajuaye kama tatizo ni lile la jana au ni kondensa mpya iliyofungwa leo. Vipuri vipya vya magari haya, hasa vya umeme, mara nyingi ni dhaifu kuliko vile vya miaka ya 1960 vilivyong'olewa. Kwa hiyo kipuri cha asili hakitoki mpaka kithibitike kimekufa, na kikitoka kinawekwa kwenye boksi. Kwenye mashindano ya magari ya kale boksi hilo lina thamani ya pesa, kama tutakavyoona kwa wakaguzi.

Mfano wetu ni MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, lenye injini ya B-series ya kampuni ya BMC, ya cc 1798. Ndiyo rahisi kuipata na ndiyo inayojaa kwenye mbio za magari ya kale pale Silverstone, Brands Hatch na Donington. Mengi yaliyomo humu yanaifaa pia MGA, Triumph TR za mwanzo na Austin-Healey, kwa kuwa kabureta ni za SU zile zile na umeme ni wa Lucas ule ule.

Kabla ya yote: umeme wa gari lako umefungwaje?

MGB zilizotoka kabla ya mwishoni mwa 1967 ziliunganishwa kwa chanya kwenye ethi, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo inayoshikana na bodi. Nyingi zimeshageuzwa, nyingine nusunusu. Usiamini maneno ya muuzaji. Fungua kifuniko cha betri nyuma ya viti, tazama ni nguzo gani ina waya mnene unaoishia kwenye bodi. Ukikosea hapa, kifaa chochote cha kielektroniki utakachofunga kitaungua siku hiyo hiyo. Kuna dalili nyingine ya kimyakimya: aliyegeuza betri akasahau kubadilishana nyaya mbili ndogo za koili, kifaa kinachokuza umeme kuwa cheche. Gari litawaka, litatembea mjini vizuri, lakini likipanda mizunguko mikubwa cheche inakuwa hafifu na injini inakohoa.

Kariri rangi tano za Lucas, hutahitaji mchoro wa waya kwa matatizo mengi. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hauna fyuzi. Nyeupe ni moto unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, nao hauna fyuzi. Kijani unatoka kwenye swichi na umepita kwenye fyuzi. Zambarau una fyuzi na uko hai muda wote. Nyeusi ni ethi.

Fyuzi zenyewe zina mtego. MGB za mwanzo zina mbili tu zinazofanya kazi, zimeandikwa 35. Namba hiyo ya Kiingereza cha zamani ni kiwango cha kukatikia. Mzigo wa kudumu ni ampia 17 tu. Ukiweka fyuzi ya kisasa ya 35, ambayo imekadiriwa kwa mzigo wa kudumu, waya utayeyuka na fyuzi ikiwa nzima. Tumia ya kisasa ya 15 au 17.

Kampuni ya Lucas ya Birmingham ilibandikwa jina la "Mkuu wa Giza" kwa utani, na utani huo umewapa kisingizio mafundi wengi wavivu. Waya ulioishi miaka sitini na kukatwa mara nne ili kufunga redio si kosa la kiwanda. Toa kiungo kimoja kimoja, kisugue mpaka shaba ing'ae, kirudishe. Ni kazi ya kuchosha, na inaponya zaidi ya kipuri chochote utakachoagiza.

Stata inapiga "tak" halafu kimya

Betri kwanza. Gari likiwa bado na betri mbili za volti 6, pima kila moja peke yake wakati mtu anazungusha ufunguo. Moja ikiwa mgonjwa inaiburuza mwenzake, na ukipima zote kwa pamoja unaweza kudhani zote zimechoka.

Betri zikiwa nzima, nenda kwenye ethi ya injini. Injini hii imekalia mipira, hivyo umeme mkubwa wa stata unarudi kwenye bodi kupitia utepe mmoja tu wa shaba. Utepe huo ukioza, au ukisahaulika baada ya injini kutolewa, umeme unatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni waya wa choki au wa akseleta. Shika waya wa choki baada ya kujaribu kuwasha mara mbili tatu. Ukiwa na joto, umeshampata mwizi. Thibitisha kwa kufunga waya wa kuazimia chaji kutoka kwenye bloku hadi kwenye chuma cha bodi. Stata ikizunguka kwa nguvu, nunua utepe na uiache stata mahali pake.

Linatembea vizuri, linazima likipata moto, likipoa linawaka

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi zaidi, kwa sababu wanalisubiri lipoe ndipo waanze kupima. Likishapoa ushahidi umeondoka. Pima pale pale lilipozimia.

Washa swichi bila kuwasha injini, sikiliza upande wa kulia nyuma, karibu na gurudumu. Pampu ya SU inatakiwa ipige tik-tik-tik ya haraka, ipunguze, kisha inyamaze kabureta zikijaa. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, mbali na ekzosti.

Pampu ikinyamaza tangu mwanzo, gusa waya mweupe wa pampu kwa taa ya kupimia. Taa ikiwaka, moto unafika. Angalia ethi ya pampu. Ethi ikiwa nzima, gonga mwili wa pampu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, pointi zake za ndani zimeungua, na zinasafishika. Pampu ikipiga mfululizo bila kunyamaza na mafuta yanakuja na mapovu, inavuta hewa upande wa tangi: mpira umepasuka au kiungo kimelegea. Ikipiga taratibu na mafuta hayaji, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba. Tangi lilikuwa linavutwa kama kibuyu kilichozibwa mdomo.

Mafuta yakimwagika vizuri kwenye chupa, rudi kwenye moto. Chomoa waya mnene wa koili katikati ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ushike kwa koleo lenye mpira, ncha iwe kama milimita 6 kutoka kwenye bloku, mtu azungushe stata. Hakikisha hakuna petroli wazi karibu. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano iliyolegea, au hakuna kabisa, inaelekeza kwenye koili iliyopata joto au kondensa. Kondensa ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo mpya zake zinazokufa mapema, kwa hiyo jaribu kwanza ile ya zamani uliyoihifadhi.

Cheche ya koili ikiwa nzima na injini haiwaki, mtuhumiwa ni rota. Toa kifuniko cha distribyuta, rota ibaki mahali pake. Shika ncha ya waya wa koili karibu na shaba ya juu ya rota, kisha fungua na kufunga pointi kwa bisibisi, swichi ikiwa imewashwa. Cheche ikiruka kwenda kwenye rota kila mara, plastiki imetoboka ndani na moto unakimbilia kwenye shafti. Rota nyingi mpya zina ribiti iliyopita karibu mno na shafti. Zile nyekundu zisizo na ribiti zimepata sifa kwa sababu hiyo.

Pointi zenyewe zipe uwazi wa inchi 0.015, na paka grisi kidogo kwenye kamu. Kisigino cha plastiki kikisagika, uwazi unafungika na taimingi, yaani wakati wa cheche, inarudi nyuma polepole, wewe ukidhani injini imezeeka.

Kuna aina nyingine ya kuzimia kwa joto: gari limetoka kwenye mbio, limeegeshwa kidogo, halitaki kuwaka, na pampu inapiga haraka kupita kawaida. Hayo ni mafuta yanayochemka. Kwenye injini hii kabureta na ekzosti ziko upande mmoja, kushoto, moja juu ya nyingine. Petroli ya siku hizi inachemka mapema, na Uingereza ilihamia E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, Septemba 2021. Rudisha bati la kukinga joto kama mtu alilitoa, fungua boneti mara tu unaposimama, na ununue ile ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo zaidi. Ethanoli pia inalainisha mipira ya zamani kwa ndani. Badilisha yote kwa mipira ya daraja la R9. Hapo sina huruma na uasilia.

Inamisi: sikiliza silinda gani

Hedi (kichwa cha injini) ya B-series ina siri inayorahisisha kazi kuliko mashine yoyote ya kisasa. Silinda nne zinapumua kupitia milango miwili tu ya kuingizia: ya kwanza inalisha silinda 1 na 2, ya pili 3 na 4. Milango ya kutolea moshi ni mitatu, wa kati ukishirikiwa na 2 na 3. Kwa hiyo zikidhoofika mbili mbili, zinakuambia chanzo.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira. Silinda ambayo haibadilishi mlio ndiyo mgonjwa. Zikiwa 1 na 2, angalia kabureta ya mbele. 3 na 4, ya nyuma. Zikiwa 2 na 3, kaza roho: gasketi ya hedi imepasuka katikati, au hedi yenyewe ina ufa kati ya viti vya valvu, ugonjwa unaojulikana kwa hedi hizi. Pima kompresheni kuthibitisha. Mbili jirani zitakuwa chini kwa pamoja. Ikiwa ni silinda moja peke yake, hamisha plagi yake kwenda silinda nyingine, kisha waya. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza. Usipohama, pima kompresheni na uwazi wa valvu.

Uwazi wa valvu ni inchi 0.015 injini ikiwa baridi. Kama kila ukipima unakuta valvu za moshi zimebana zaidi, kiti cha valvu kinaliwa. Hedi hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Uingereza iliacha kuiuza kwa wote mwishoni mwa 1999, na nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliifuata kufikia 2006. Kwa matembezi ya Jumapili hedi ya asili itadumu. Kwa mbio, chongesha viti vipya vya chuma kigumu.

Kabureta ya SU ukishaifikia, usikimbilie kugeuza nati ya chini inayorekebisha mchanganyiko. Fungua kofia ya juu, oili imo? SAE 20 inatosha, mpaka kidogo chini ya mdomo. Ikikauka, injini inakohoa unapokanyaga akseleta ghafla. Kisha inua pistoni ya ndani kwa kidole, iachie: inatakiwa ishuke na kupiga "tok" kavu juu ya daraja, yaani kiinuko cha chuma chini yake. Ikikwama, safisha kwa thina, na kila kuba (kifuniko cha pistoni) irudi kwenye kabureta yake, kwa sababu kiwandani zilioanishwa. Tikisa shafti ya kipepeo. Ikicheza, hewa inaingia pembeni, na hakuna marekebisho ya jeti yatakayoiponya.

Baada ya hapo ndipo upime mchanganyiko. Injini ikiwa na joto, inua pistoni kama milimita 0.8. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Injini ikitaka kuzima, yamepungua. Ikipanda kidogo kwa sekunde na kutulia, iache. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: gari lililotyuniwa Mombasa litakuwa na mafuta ya ziada likifika Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, kwa sababu hewa ni nyembamba. SU inajirekebisha kwa sehemu tu. Ukipeleka gari la kale kwenye East African Safari Classic Rally, hesabu hilo, na usithubutu kuzikimbiza kabureta bila chujio kwa sababu tu picha za zamani zinapendeza hivyo. Vumbi linasaga ringi.

Linachemsha

Uliza linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni tu, ni hewa haipiti: feni, mkanda, au rejeta iliyoziba kwa nje. Likichemsha kwenye kasi, ni maji hayapiti, au injini inazalisha joto la ziada. Papasa rejeta ikiwa na joto baada ya kuzima injini: sehemu za baridi zimeziba. Bloku nazo hujaa matope nyuma, kwenye silinda ya 4. Fungua plagi ya maji ya bloku, na usipoona hata tone, chokoa kwa waya. Taimingi iliyochelewa na mchanganyiko mkavu, wenye mafuta machache, pia huchemsha, na wachache wanazitazama. Maji yakipungua bila kuvuja na mapovu yakionekana kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, ni gasketi.

Ikiwa na mfumo safi injini hii ni ngumu. Mwaka 1963, huko Le Mans, MGB ya Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson ilitumbukia mchangani mwanzoni mwa mbio, Hutcheson akachimba kwa zaidi ya saa nzima, na bado ilimaliza saa 24 ikiwa ya 12.

Mshale wa oili unaanguka

Ukianguka kwenye kona ndefu tu kisha unarudi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (karai la oili chini ya injini) na pampu ya oili inavuta hewa. Ongeza oili hadi mstari wa juu, na kwa mbio funga sampu yenye vizuizi vya ndani. Usipuuze: sekunde mbili za hewa zinatosha kuua beringi. Ukianguka injini ikipata joto, kila mahali, pima kwa geji nyingine kabla ya kukata tamaa. Barabarani, injini nzima yenye joto inaonyesha kati ya psi 50 na 80 kwenye kasi. Ikinguruma imesimama, 15 hadi 25 si msiba. Tumia 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwa ajili ya kamu.

Breki

Pedali ikiwa ndefu kila baada ya kona kali na kuwa fupi ukikanyaga mara ya pili, usiendelee kutoa hewa. Beringi za gurudumu la mbele zinacheza, diski inayumba na kusukuma pedi nyuma. MGB ina shimu nyembamba kati ya beringi za mbele zinazopanga mchezo wa inchi 0.002 hadi 0.004, na mafundi wengi huzitupa wakidhani ni uchafu.

Gari likivuta upande mmoja, au gurudumu likiwaka moto bila sababu, mpira wa breki umevimba ndani: mguu unasukuma oili ya breki kwenda, lakini haina nguvu ya kurudi. Legeza kiskurubu cha kutolea hewa; gurudumu likiachia, badilisha mpira. Pedali ikilainika baada ya mizunguko kadhaa ya mbio, oili imechemka. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini iliyonyonya maji inashuka hadi 155. Kabla ya kila mbio, imwage yote uweke mpya.

Ovadraivu na kishindo cha nyuma

Ovadraivu ya Laycock, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, isipoingia, angalia kwanza kiwango cha oili ya giaboksi, kisha waya wa solenoidi, kisha swichi iliyo juu ya giaboksi. Ikikwama ikiwa imeingia, usirudi nyuma hata hatua moja. Utavunja klachi ya ndani.

Kishindo unapotoka mbele kwenda rivasi, kwenye gari la magurudumu ya spoki, mara nyingi ni meno ya habu yaliyosagika. Vua gurudumu uyatazame: yakiwa na ncha kali badala ya kichwa bapa, habu na gurudumu vyote viende. Kufungua nati ya katikati, igeuze kuelekea upande linakozunguka gurudumu gari likienda mbele. Ikifunguka kinyume chake, mtu amebadilishana habu za kushoto na kulia, na gurudumu litajifungua lenyewe barabarani.

Mkaguzi anakataa gari

Hili nalo ni tatizo la kutafutiwa chanzo. Mbio nyingi za kimataifa za magari ya kale zinadai pasi ya kiufundi ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), ile ya HTP, chini ya kanuni zake za Appendix K: gari liwe kama lilivyoruhusiwa enzi zake. Kwenye tamasha la Goodwood Revival, Uingereza, magari ya mbio ni ya kati ya 1948 na 1966, miaka ya mbio za awali za uwanja huo. Kinachokataliwa sana ni kile kilichofungwa kwa nia njema: moto wa kielektroniki ndani ya distribyuta, au injini ya miaka ya 1970.

Soma namba ya chesisi kwanza. GHN3 ni MGB ya wazi ya mwanzo, GHD3 ni GT, yenye paa la kudumu, iliyoanza 1965. Kisha soma kibati kilichopigwa ribiti ubavuni mwa bloku: 18G na 18GA ni za beringi kuu tatu, 18GB ni ya tano, kuanzia mwishoni mwa 1964. Ukikuta 18V kwenye gari linalouzwa kama la 1964, injini si yake, hata ikiwa imepakwa rangi ileile. Cheti kutoka British Motor Museum ya Gaydon kitakuonyesha namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani, rangi na tarehe ya kutengenezwa. Kiagize kabla ya kulipa malipo ya mwisho, na kibati kisichokuwepo kihesabu kama namba isiyolingana.